Kucha Chini ya Hina

Siku niliyomtukana Dhahabu mbele ya wadi nzima, wallahi nilikuwa na hakika. Tena sikumtukana kwa kunong'ona. Wateja wangu wa mahamri pale Mishomoroni wanaijua sauti yangu. Nikimwita mtu barazani, hata wa nyumba ya tatu huitika abee. Nna mdomo, sikatai. Na siku ile nilijiona nna haki pia, na mtu wa mdomo akishajiona ana haki, basi Mungu aepushe.

Dhahabu alikuwa mfanyakazi wa usafi katika wadi ya wanawake. Ndiye aliyepiga deki, ndiye aliyetandika mashuka. Mwanamke mwembamba wa Bofu, mpole, kila alfajiri anavuka feri ndipo aje mpaka huku Kisauni, kwenye hospitali ambayo sitaitaja jina kwa sababu hospitali haikuwa na kosa. Mwenye kosa mtamjua.

Mamangu, Bi Mwanajabu, alikuwa kitanda cha nne. Aliteleza chooni nyumbani akavunjika nyonga. Ana sukari ya miaka mingi, na hiyo sukari ndiyo iliyomchukua macho. Siku hizi anatambua mwanga na giza tu. Daktari wa mifupa, Dokta Kamau, huja hospitali ile siku ya Alhamisi peke yake. Alinikalisha chini akaniambia bila kuzunguka: sukari ikishuka tutampasua, tutamtia chuma, atatembea. Asipopasuliwa, mtu wa umri ule akilala kitandani mwezi mmoja, miwili, mgongo unafanya vidonda, kifua kinajaa, na mara nyingi hainuki tena.

Basi Alhamisi ikawa ndiyo roho yangu. Nikiamka naihesabu Alhamisi, nikilala naihesabu Alhamisi.

Sukari ikashuka, alhamdulillahi. Jumatano Sista Margret, mkubwa wa wadi, akavuta pazia amtayarishe mamangu. Akamfunua, akairudisha pamba kwenye sinia. Nikajua kuna jambo.

"Nadhira," akaniita, "hii imeanza lini?"

Nikachungulia. Kwenye mkunjo wa paja, karibu na pale kisu kingepita, ngozi ilikuwa nyekundu, imelowa, pembezoni imechubuka nyeupe, na vipele vidogo vidogo vimetapakaa kuzunguka. Chini ya matiti vilevile. Nilikuwa nimemwona mamangu akijikuna siku mbili tatu nikasema ni joto. Nani asiyejikuna na joto la Mombasa?

"Ni fangasi," Sista akasema. "Watu wa sukari, watu waliolala muda mrefu, wanaokunywa antibiotiki, huwapata haraka. Dokta hatapasua juu ya ngozi kama hii. Vijidudu vitaingia mpaka kwenye mfupa."

"Lakini kesho ni Alhamisi!"

"Najua kesho ni Alhamisi, dada."

Akatupa dawa ya kupaka na vidonge, akasisitiza ngozi ikae kavu, kavu kabisa, mikunjo ipanguswe na iachwe ipate hewa. Alhamisi ikaja ikapita. Dokta Kamau akamtazama mamangu, akatikisa kichwa, akaenda kitanda kingine. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi nikamwambia mamangu daktari amesema wiki ijayo inshallah.

Jumamosi Mama Kanze wa kitanda cha tano naye akaanza kujikuna. Jumapili wa kitanda cha tatu. Jumatatu wa kitanda cha sita. Watu wanne, ugonjwa mmoja, na wote wameuokota humo humo wadini. Mimi huyo nikaanza kutafuta mchawi.

Sikutafuta mbali. Zilikuwa siku za masika, nguo hazikauki, na nilimwona Dhahabu kwa macho yangu mawili akitandika shuka ambalo ukilishika liko baridi, lina unyevu. Nikasimama katikati ya wadi.

"Ewe Dhahabu! Ndiwe unayewalaza wagonjwa kwenye mashuka mabichi? Mamangu amekosa upasuaji kwa uchafu wako!"

Akageuka na shuka mkononi. "Dada, mashuka hayo naletewa kutoka dobi. Mimi sifui."

"Na hiyo mikono yako je? Inatoka chooni na matambara inakuja vitandani mwa watu. Hebu itazame! Wewe ndiwe ugonjwa wenyewe, wewe! Ungekuwa na haya ungekaa kwenu Bofu usiguse mgonjwa wa mtu!"

Akaitazama mikono yake. Kweli aliitazama, akaigeuza juu na chini, hakunijibu neno. Hilo la kutonijibu nililihesabu kuwa ushahidi. Nikaenda ofisini, nikaandika malalamiko ukurasa mzima, nikatia sahihi. Siku ya pili Dhahabu akaambiwa akae nyumbani mpaka jambo lichunguzwe. Nami nikamwambia mamangu, sasa utapona.

Mamangu akasema, "Yule binti alikuwa akinisalimia vizuri."

"Salamu hazisafishi mashuka, mama."

Sasa niwaeleze habari ya mafuta.

Kwetu sisi mgonjwa haachwi akanuka hospitali. Toka nyanya zetu, mgonjwa hukandwa. Mimi kila asubuhi, nikishamaliza wateja wa mahamri, nilikuwa nikija na chupa ya mafuta ya nazi niliyoyapika mwenyewe, nimeyatia asumini, na leso yangu kuukuu laini ya kumpangusa jasho. Namkanda mamangu kutoka utosini mpaka nyayo, mgongo, chini ya matiti, mapajani, kila mkunjo, huku nikimpa habari za mtaa. Nani kaolewa, nani kaachwa, nani kajenga ghorofa mbele ya dirisha la jirani. Mamangu kwa kuwa haoni, mikono yangu ndiyo macho yake. Alikuwa akinijua kwa namna ninavyomgusa kabla sijafungua kinywa.

Mama Kanze alikuwa akitutazama. Bibi wa Mtopanga, upande mmoja wa mwili umelala kwa kiharusi, na wanawe wanafanya vibarua mbali. Walikuja Jumapili tu baada ya kanisa. Siku moja akasema, "Mwanangu, mafuta hayo yanukia." Hakuomba, alisema tu. Sasa wewe ungeweza kumpaka mmoja ukamruka wa pili aliye hatua moja kutoka hapo? Nikamkanda. Alitokwa na machozi jicho moja, lile jicho zima. Kesho yake wa kitanda cha tatu akanyoosha mguu kwa mzaha, akasema na mimi je, mimi mtoto wa kambo? Nikacheka, nikamkanda. Na wa kitanda cha sita. Wa kitanda cha pili peke yake, mama mmoja mkali wa Changamwe, alinifukuza: "Mimi sipendi kushikwashikwa." Nikamwambia haya, kaa na ukavu wako.

Chupa moja, leso moja, mikono miwili. Nilikuwa nikitoka pale nimenyooka, najiona nimechuma thawabu za mwezi mzima.

Na Sista Margret aliposema ngozi ikae kavu, mimi nilisikia. Lakini moyoni nikasema, huyu ni msomi, ila si mtu wa pwani; mafuta ya nazi ni dawa toka enzi, yatamdhuru vipi mtu? Kwa hivyo dawa yake nilipaka, na akigeuza mgongo nikapitisha na mafuta yangu kidogo juu, nikapangusa kwa leso. Mamangu akasema yanampoza. Nikazidi.

Alhamisi ya pili Dokta Kamau akamfunua, akakuta ngozi imezidi kuwa mbaya. Akamgeuza; mgongoni kumeanza kidonda, chekundu, upana wa kifuniko cha soda. Na usiku uliopita mamangu alikuwa amekohoa.

"Bi Nadhira," daktari akaniambia kando, na alikuwa na huruma, sikuona kiburi kwake, "nikimkosa tena siku zijazo hizi, sitaahidi kitu."

Nilikasirika mpaka nikakosa wa kumkasirikia. Dhahabu alikuwa hayupo tangu Jumanne. Mashuka siku hizi yalikuwa yakija makavu, nayagusa mwenyewe moja moja. Kitanda cha sita aliondoka yule wa mwanzo, akaja bibi mpya mwenye ngozi safi kama ya mtoto. Nikamkaribisha kwa mafuta, na siku ya tatu akaanza kujikuna.

Ijumaa Sista Margret akatuita sote tunaowagusa wagonjwa, wauguzi, watu wa usafi, na sisi jamaa, tukapanga foleni kwenye sinki. "Mikono," akasema. Anatazama wa kwanza, anatazama wa pili. Mimi ilipofika zamu yangu niliinyoosha kwa maringo. Mikono yangu ina hina, kucha zote kumi nyeusi kwa piko, ile hina nyeusi, nadhifu.

"Hina nzuri," Sista akasema. "Unaipaka mara ngapi?"

"Kila wiki."

Akainua macho. "Kila wiki? Shemeji yangu wa Mji wa Kale akipaka kwenye kucha inakaa miezi, mpaka ukucha ukue."

Nikavikunja vidole.  Akanivuta kando ya dirisha, akanigeuza kidole gumba, akabonyeza kidogo pale ngozi inapokutana na ukucha. Niliruka. Ukatoka usaha tone dogo.

"Hii ni tangu lini, dada?"

Ilikuwa ni miaka miwili. Nawaambia nyinyi, sikuwahi kumwambia mtu. Mimi mikono yangu tangu alfajiri iko kwenye tui la nazi, iko kwenye unga, iko kwenye maji. Kucha zilianza kuvimba mizizi, kisha zikawa nene, manjano, nyingine zina kijani. Mteja mmoja alinitazama vidole nikimpa sahani, akaliacha hamri pale pale, akaondoka bila kuaga. Nilikufa kwa aibu. Jioni ile nikapaka hina, na toka siku hiyo mzizi ukichomoza manjano tu, napaka tena. Hata mumewe mtu hawezi kujua kilicho chini ya piko. Na mamangu haoni.

Sista akachukua kijisu, akakwangua kidogo akatia kwenye kichupa kupeleka maabara. Aliongea polepole, asisikiwe na wengine.

"Fangasi huyu anapenda maji na mafuta. Kwako wewe mwenye nguvu anakaa kwenye kucha tu. Kwa mtu wa sukari, mtu asiyejigeuza, ukimtia mkunjoni kisha ukamfunika na mafuta, umempa nyumba. Nadhira, nani mwingine unamkanda humu?"

Nikageuka nikaitazama wadi. Cha tatu. Cha nne. Cha tano. Cha sita, wa mwanzo na huyu mpya. Na pale kitanda cha pili yule mama wa Changamwe amekaa anakula chungwa, hana hata kipele. Nikashika ukingo wa dirisha.

"Hukujua," Sista akasema, akanishika bega. "Ofisini nitasema chanzo kimepatikana na kinatibiwa. Jina lako si lazima."

Nilimshukuru, na wallahi nilitaka iishe hivyo. Nilitaka kimya kimya, niifute ile barua ya malalamiko, Dhahabu arudi kazini, watu wasijue. Nani angekula hamri la mkono huu?

Kesho yake nilikuja nimevaa glavu. Sikubeba chupa, sikubeba leso. Nikaanza kumpangusa mamangu mikunjo kwa pamba kavu, moja ukitumia unatupa, kama nilivyofundishwa. Akashtuka, akavuta mkono.

"Nani huyu?"

"Ni mimi, mama."

"Si wewe." Akapapasa mpaka akanikuta kidole. "Mbona wanishika kwa mpira, Nadhira? Maiti ndiye aoshwaye kwa mpira. Daktari amekwambia nakufa?"

"La, mama! La!"

"Basi vua."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi? Mimi mamako nanuka?"

Hapo nikapasuka. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwambia yote, na kwa vile mimi nikilia sauti haipungui bali huzidi, wadi nzima ikasikia. Kucha, hina, miaka miwili, leso, mafuta niliyokuwa nikiyapitisha kwa siri. Nikamwambia Alhamisi zote mbili nimezila mimi. Nikamgeukia Mama Kanze nikamwomba radhi, nikawaomba radhi na wengine. Mama Kanze akaninyooshea mkono wake mzima. "Mwanangu, ulinigusa wakati hakuna aliyenigusa," akasema. "Usilie hivyo." Hilo ndilo lililonizidishia kilio.

Mamangu akageuza uso upande wangu. Kisha akauliza, "Na yule binti, Dhahabu?"

"Hana kosa, mama. Nitaifuta barua."

"Barua! Ulimtukana kwa barua? Mimi sioni, Nadhira, lakini si kiziwi. Ulimtukana kwa sauti. Nenda ukamtake radhi kwa sauti."

Nikaenda siku ile ile, nikavuka feri, nikaulizia Bofu mpaka nikaelekezwa. Nilimkuta Dhahabu uani amekaa kwenye kigoda, na beseni mbele yake. Aliponiona akasimama haraka, akaficha mikono nyuma.

"Shikamoo, dada," akanambia. Shikamoo! Mimi niliyemwita ugonjwa.

Nilisema palepale nimesimama, na majirani wakatoka milangoni kusikiliza. Nikasema Dhahabu hakuwaambukiza wagonjwa, ni mimi, na hizi hapa kucha zangu. Nilikuwa nimeshazikata hadi mwisho, hina imebaki mabaka mabaka, zinachukiza. Nikazinyoosha wazione wote.

Dhahabu hakufurahi, hakukasirika. Alianza kulia taratibu. Akatoa mikono nyuma. Lo! Ilikuwa imechunika, myekundu, imepasukapasuka kwenye viungo. Ndani ya beseni mlikuwa na maji ya jiki, ile dawa kali ya kung'arishia nguo nyeupe.

"Uliposema mimi ndimi ugonjwa, nikakuamini," akasema. "Nikanawa nayo kila siku. Nna mtoto wa miezi saba, dada. Toka siku ile sijambeba. Mamangu ndiye ananishikia nikimnyonyesha."

Na kweli, mlangoni bibi mmoja alikuwa amesimama na kitoto cha kike mikononi, na kile kitoto kinamtazama mamake kinanyoosha mikono, kinanyoosha. Mimi moja kwa moja nikapiga hatua nimtwae nimpe mamake. Nikakumbuka. Nikarudi nyuma, nikaweka mikono yangu mgongoni.

"Mbebe," nikamwambia. "Dhahabu, mbebe mwanao. Mikono yako haina kitu."

Aliimwaga ile jiki kwanza, akaisuuza mikono kwa maji matupu, akajipangusa. Kisha akambeba. Sikuweza kuangalia mpaka mwisho.

Dhahabu alirudi kazini Jumatatu, na nilisimama pale pale nilipomtukania nikasema tena mbele ya wadi. Yule wa Changamwe akaniambia, "Haya, na ukavu wangu je?" Wadi ikacheka, nikacheka nami, ingawa uso ulikuwa unaniwaka. Mahamri nimeacha kukanda. Anakanda binti wa dadangu, mimi nakaa kando nagombana na wateja. Wengine wameondoka. Waliobaki wamebaki. Kucha, Sista amesema, zitachukua miezi mpaka mpya zikue.

Bila mafuta yangu, ngozi za wale bibi zikaanza kukauka, siku baada ya siku. Alhamisi moja Dokta Kamau alisema bado kidogo, nami sikulia chooni. Iliyofuata akamfunua mamangu, akapitisha kidole kwenye mkunjo, akatabasamu. Wakampeleka.

Siku ya tatu baada ya kupasuliwa walimsimamisha. Muuguzi akamshika kwapa moja, na upande wa pili mtu akahitajika, na mimi nilikuwa nimesimama pale binti yake wa kumzaa na mikono yangu mgongoni. Dhahabu akaegesha fagio lake la deki ukutani, akanawa sinkini, akaja akamshika mamangu kwapa la pili.

"Ni Dhahabu, Bi Mwanajabu," akamwambia.

"Nakujua, mwanangu. Nadhira yuko wapi?"

"Niko hapa, mama. Mbele yako."

"Mbona waongea kama una homa? Mimi sikuoni na hunigusi. Nitajuaje niende wapi? Niite! Niite kwa sauti yako ya barazani."

 Nikarudi nyuma hatua tatu mpaka mguuni mwa kitanda cha Mama Kanze, nikavuta pumzi, nikamwita mamangu kwa sauti yangu yote, mpaka wauguzi wa wadi ya pili wakaja mbio mlangoni kuuliza kuna nini. Mamangu akacheka. Akainua mguu, akaja.